Lakiri ya Shangazi

Kitu cha kwanza ambacho Mama Gramu hakukipenda katika gari lile jeupe kilikuwa usafi wake. Gari lililokwisha kutumika huwa na mabaki ya watu: sarafu iliyozama pembeni mwa kiti, pini ya nywele, makombo, harufu ya mtu fulani. Hili halikuwa na kitu. Lilikuwa limesuguliwa hadi kwenye bawaba za milango, na ndani mlinukia sabuni kama wodi iliyotoka kupigwa deki.

"Shemeji, mbona unaiangalia kama imeiba?" aliuliza mdogo wa mumewe, aliyekuwa amesimama uani huku akichezea ufunguo.

"Naiangalia tu."

"Wewe hujawahi kuangalia kitu tu."

Hapo alisema kweli. Kwa miaka ishirini na sita Mama Gramu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na sokoni akiwa na sanduku la mawe ya kupimia, koleo ndogo, kibonge cha waya na mfuko wa lakiri za risasi. Mizani iliyopima sawasawa aliipitishia waya kwenye skrubu yake, akaubana waya kwa lakiri, akaenda zake. Iliyokosea aliifungia. Aliwahi kumfungia muuza nyama mmoja kwa tofauti ya gramu moja. Jina alilipata siku hiyo, na hakulikataa.

"Kilomita elfu arobaini na moja," alisema shemeji. "Gari ya namna hii, bei ya namna hii, hupati tena. Kaa nayo wiki mbili, mpaka Jumamosi ile nyingine. Ukiipenda, unaniongezea kidogo na kunipa Shangazi. Usipoipenda, naichukua. Nani mwingine anakukopesha gari uionje kama mchuzi?"

"Na Shangazi unamtakia nini? Si amekufa?"

"Spea."

"Spea za gari la miaka ishirini na tatu?"

"Kuna watu wanapenda vitu vya zamani, shemeji. Kwani kaka yangu si alikuoa wewe?"

Mama Gramu alicheka, kwa kuwa shemeji alikuwa na haki ya utani huo. Hata hivyo alipokuwa akicheka aliyaangalia macho yake, na macho hayo yalikuwa yakiliangalia tairi.

Shangazi lilikuwa gari lao. Walimwita hivyo kwa sababu alilalamika njia nzima, lakini siku zote alifika. Juma lililotangulia alikuwa amezimika mlimani bila kutoa onyo. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, gari likagongagonga mara tatu, likanyamaza. Alivutwa kwa kamba hadi gereji. Bahati yao ilikuwa moja: siku hiyo walikuwa wakirudi, si wakienda.

Walikokuwa wakienda ni hospitali. Figo za mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata baada ya kustaafu, zilikuwa zimegoma zote mbili. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja kamili asubuhi, alitakiwa awe amekwisha kukaa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu. Kiti hicho kilikuwa na watu wengine wanaokingoja. Aliyechelewa hakuongezewa muda. Aliondoka na maji ambayo mashine haikuwahi kuyatoa, na siku ya pili miguu ilivimba, na ya tatu pumzi ikawa ya kutafuta. Kwa hiyo swali la gari halikuwa swali la kupenda. Mama Gramu alitakiwa kuchagua gari ambalo halingemwacha Mwalimu njiani, na alikuwa na siku kumi na tatu za kuchagua.

Alianza na wanaume watatu waliomzunguka, kwa sababu wote watatu walikuwa wameanza kumtia shaka.

Wa kwanza alikuwa shemeji. Alikuwa ameleta gari jeupe siku ya pili tu baada ya Shangazi kuzimika. Mama Gramu hakuwa amemwambia mtu.

Wa pili alikuwa fundi, ambaye wateja walimwita Fundi Kimya. Mama Gramu alimwambia aifungue injini aone, lakini asitengeneze kitu mpaka atakapoambiwa. Fundi alifungua, akaona, akatoa ripoti ya sentensi tatu.

"Hedi ya injini imepinda. Gasketi imeungua. Inatengenezeka kwa siku kumi."

"Imeunguaje?"

Fundi Kimya alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Gari mzee, mama," alisema, akaangalia sakafu.

Mama Gramu alikuwa amewaona watu wengi wakiangalia sakafu. Kwa uzoefu wake, mwenye duka anayeulizwa swali jepesi akaangalia chini ana kitu chini ya meza.

Wa tatu alikuwa Mwalimu mwenyewe, na huyu ndiye aliyemuuma zaidi. Alikuwa ameanza kupokea simu barazani. Mkewe akikaribia, mazungumzo yalikatika.

"Nani huyo?"

"Fundi."

"Anataka nini?"

"Alikuwa ananijulia hali."

Fundi Kimya, mtu aliyesema maneno kumi kwa siku na kuyajutia tisa, alipiga simu kumjulia mtu hali. Mama Gramu aliingia jikoni akaosha kikombe kilichokuwa kisafi.

"Lichukue hilo jeupe, Mkaguzi," Mwalimu alisema jioni ile. Alimwita hivyo tangu uchumba. "Shangazi amechoka. Mwache aende."

"Wewe unasema hivyo? Wewe uliyekuwa ukimwosha kwa shampuu yangu?"

"Watu hubadilika."

"Kwa siku nne?"

Mwalimu aligeukia dirisha. Naye pia, akawaza Mama Gramu, amepata sakafu yake ya kuangalia.

Kwa hiyo alilipima gari jeupe kama alivyopima kila kitu, taratibu na kwa kuandika. Tairi zilikuwa sawa. Oili ilikuwa safi. Taa zote ziliwaka. Lakini mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika mpaka chuma kikachungulia. Gari lililotembea kilomita elfu arobaini na moja halilingani na pedali ya namna ile. Aliandika katika daftari lake: *Kipimo cha kilomita kimerudishwa nyuma.* Akapiga mstari chini ya maneno hayo. Moyoni alikuwa amekwisha kumhukumu shemeji, na alikuwa akisubiri Jumamosi tu amsomee hukumu yake.

Jumatano ya juma la pili walikuwa mlimani, robo saa kabla ya saa moja. Mama Gramu alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma kama inayokwenda mbio, lakini gari likatambaa. Akakanyaga zaidi. Kelele ikaongezeka na mwendo ukapungua. Harufu ya kitu kinachoungua ikapanda kutoka chini ya miguu yake.

"Imekasirika," alisema Mwalimu.

"Nyamaza nisikilize."

Lori la mchanga liliwapita, dereva wake akipiga honi kwa huruma. Walifika saa moja na dakika ishirini na tano. Muuguzi aliangalia saa ya ukutani, akamwangalia Mwalimu, akaandika kitu kwenye jalada.

"Leo nakupunguzia, Mwalimu. Huyu wa baada yako naye ana saa yake."

"Najua. Nimechelewa darasani. Nipige magoti?"

Muuguzi alitabasamu. Mama Gramu hakutabasamu. Alikuwa akiviangalia vifundo vya miguu ya mumewe, ambavyo soksi zilikuwa zimekwisha kuviachia alama.

Alikuwa na zaidi ya saa tatu za kungoja. Alirudi kwenye maegesho, akafungua milango yote minne ya gari jeupe, akaanza upya. Safari hii hakuanzia upande wa dereva. Alikaa kwenye kiti cha abiria, akaacha miguu yake ianguke inapotaka. Kisigino cha kulia kilitua kwenye kishimo. Alifunua zulia. Chini yake bati lilikuwa na matundu manne, mawili mawili, yamezibwa kwa vipande vya mpira mweusi vilivyokatwa kwa uangalifu. Mbele ya matundu, rangi ilikuwa imekwanguka kwa visigino vya mtu aliyekaa hapo siku nyingi akiwa ameikaza miguu.

Alishuka, akapanda kwenye kizingiti cha mlango na kuangalia paa. Chini ya nta mpya kulikuwa na alama nne za skrubu katika umbo la mstatili.

Palikuwa na pedali za pili. Palikuwa na kibao juu ya paa. Lilikuwa gari la shule ya udereva.

Alichohisi kwanza hakikuwa ushindi. Alihisi amemwonea shemeji, kwa sababu mara moja alielewa kwamba kipimo cha kilomita hakikuwa kimedanganya. Alitoa daftari, akaikata sentensi aliyokuwa ameipigia mstari, kisha akampigia simu shemeji.

"Shemeji, hii gari ilikuwa inafundisha shule gani?"

"Nani kakwambia?"

"Sakafu."

"Sasa shemeji, hukuuliza. Ungeuliza ningekwambia. Na kilomita ni za kweli, naapa."

"Najua ni za kweli. Ndizo zinazonitisha. Elfu arobaini na moja, zote kwa gia ya kwanza, na kila hatua mwanafunzi anaikanyaga klachi kama anaua mende."

Shemeji alicheka, akasikia kwamba amecheka peke yake, akaacha.

"Leo kaka yako amechelewa mashine kwa dakika ishirini na tano."

Sauti ya shemeji ilibadilika. "Amekuwaje?"

"Yuko ndani. Sasa niambie, Shangazi unamtakia nini?"

"Injini yake bado nzima. Ni gasketi na kunyoosha hedi. Ningemtengeneza nimuuze kwa wapenda zamani. Biashara tu, shemeji."

"Na hayo nani alikwambia?"

"Fundi. Siku ile ile. Yaani, fundi alimwambia Mwalimu, na Mwalimu ndiye..." Akajiuma ulimi.

"Mwalimu ndiye nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi simo."

Mama Gramu hakwenda kumuuliza Mwalimu, ambaye alikuwa amelala na mirija mkononi. Alikwenda kwa Fundi Kimya, polepole, kwa njia isiyo na mlima.

Gereji ilikuwa uzio wa mabati, paa la nusu, na ardhi iliyokunywa oili mpaka ikakataa kuota majani. Shangazi alikuwa amesimama kwenye kona, boneti juu, mdomo wazi kama mgonjwa wa meno. Hedi ya injini ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa gazeti. Fundi Kimya alikuwa chini ya gari jingine. Viatu vyake ndivyo vilivyoonekana.

"Toka, fundi. Nimejua mna njama."

Kisha fundi alijisukuma nje, akakaa kitako, akasubiri.

"Mume wangu, shemeji yangu na wewe. Mnataka Shangazi aondoke. Mlimfanya nini? Uliharibu kitu ulipomfanyia huduma, si ndiyo? Miezi mitatu iliyopita. Ukaharibu, na sasa mnanifichia."

Fundi alisimama, akaenda nyuma ya meza, akarudi amebeba rejeta ya Shangazi, ile ya maji ya kupozea injini, mikononi kama mtu anayebeba mtoto wa watu. Aliiweka mezani mbele yake.

Kifuniko kilikuwa bado mahali pake. Waya ulipita kwenye sikio la kifuniko na shingo ya rejeta, na kwenye fundo la waya ilining'inia lakiri ya risasi. Haikuwa imeguswa. Namba yake ilisomeka.

Lakiri hiyo aliiweka Mama Gramu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma, gereji nyingine ilikuwa imemwibia kifuniko kizima na kumwekea kilicholegea. Tangu hapo alifunga kwa waya kila kitu cha Shangazi kilichoweza kufunguliwa: kifuniko cha rejeta, betri, tairi la akiba. Alitumia lakiri za zamani, ambazo idara yake ilikwisha kuziacha. Alikuwa ameomba ruhusa kwa barua kabla ya kuzichukua, na nakala ya barua alikuwa nayo.

"Kwa nini haijakatwa?" aliuliza.

"Nani akate, mama?"

"Wewe. Wewe ndiye fundi."

Fundi Kimya alivuta pumzi, kama mtu anayejiandaa kutumia akiba ya maneno ya mwezi mzima.

"Mwaka ule ulimfungia jirani yangu wa vyuma chakavu. Lakiri ya mizani yake ilikuwa imekatika. Ulisimama pale pale, ukasema mbele ya watu, anayekata lakiri ya mkaguzi atapanda mahakamani. Mimi nilikuwepo. Miezi mitatu iliyopita nilimwaga oili, nikabadilisha plagi, nikasafisha kichujio. Rejeta nikaiacha. Nilijua Mwalimu anaweka maji."

"Hizi ni lakiri za zamani. Hazina nguvu yoyote."

"Mimi nitajuaje, mama? Zina namba."

Mama Gramu aliiangalia namba. Kisha, kama mtu anayefuata hesabu ambayo jibu lake halitaki, alirudi nyuma. Rejeta ya Shangazi ilivuja kikombe kimoja kwa wiki, na gari lile halikuwa na chupa ya maji ya akiba. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya chai, Mwalimu alikata waya, akaongeza maji kwa jagi lenye mistari ya kupimia, akasema "kikombe, Mkaguzi," naye akafunga lakiri mpya. Walifanya hivyo miaka. Kisha zikaja figo. Jumapili zikawa siku za Mwalimu kulala, na za yeye kukaa karibu akisikiliza pumzi. Miezi saba. Vikombe thelathini. Hakuna aliyekata waya, kwa hiyo hakuna aliyetia tone.

"Mshale wa joto haukupanda," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niliuangalia kila siku. Ulikuwa chini."

"Kile kipimo kinapima maji, mama. Maji yakiisha, hakina cha kupima. Kinalala."

Miaka ishirini na sita alikuwa akiwaambia wenye maduka kwamba kipimo kinachotulia si lazima kiwe kinasema kweli. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mwalimu alinikataza. Alisema, mwambie ni uzee. Alisema ukijua utajimaliza." Fundi alikuna shingo. "Simu zote zile ni mimi nilikuwa namwomba niseme. Sijui kudanganya. Nachoka."

Mama Gramu alifungua mkoba, akatoa koleo ndogo. Alikata waya yeye mwenyewe, akafungua kifuniko, akachungulia. Ndani mlikuwa mkavu. Aliingiza kidole, kikatoka na unga wa kutu.

"Anza kutengeneza," alisema.

"Leo?"

"Ulisema siku kumi. Nimeanza kuzihesabu." Alisimama. "Na ile ya betri kata. Na ya tairi. Huendi mahakamani."

Mwalimu alitoka hospitali saa tano, uso umepauka, kofia imekaa upande. Aliingia garini, akaiona lakiri iliyokatwa juu ya dashibodi, akafunga mlango kimyakimya. Mama Gramu aliwasha gari.

"Kwa hiyo amesema," Mwalimu alinena.

"Kwa maneno mengi. Alitoka jasho."

"Maskini."

"Ulijua tangu lini?"

"Siku alipozimika. Mshale ulikuwa chini, nikajua. Hata kabla ya hapo, kila Jumapili nilikuwa nasema, nitaamka nikaweke maji. Nikiwa nimelala nilikuwa nasema. Nikaona kukuita ukate wewe ni kama kukwambia siwezi tena kubeba jagi."

Mama Gramu alibadilisha gia kwa mguu mwepesi. Klachi ilikubali shingo upande.

"Kwa hiyo ukaona bora nichukue gari lililochoka, uchelewe mashine."

"Sikujua limechoka. Mdogo wangu aliniambia zuri. Nilitaka Shangazi aondoke na siri yake, basi."

"Mimi niliyefunga kifuniko."

"Na mimi niliyeacha kukifungua. Tusianze kupima, Mkaguzi. Leo nimepimwa vya kutosha."

Jumamosi shemeji alikuja amevaa shati la kuombea radhi, lile jeupe lenye mistari. Mama Gramu hakumkaribisha kiti kwanza.

"Siichukui," alisema. "Shangazi anatengenezwa. Lakini hii gari inabaki hapa mpaka atakapotoka, na kesho asubuhi unaipeleka kuwekwa klachi mpya. Jumatatu saa kumi na mbili iwe mlangoni."

"Shemeji, klachi mpya kwenye gari ambayo huinunui?"

"Umempandisha kaka yako humo."

Shemeji alimwangalia Mwalimu, aliyekuwa barazani na miguu juu ya stuli. Mwalimu aliinua mabega. Shemeji alichukua ufunguo.

"Na atakayeinunua baada yangu," Mama Gramu aliongeza, "utamwambia ilikuwa shule gani, hata asipouliza."

"Nitamwambia."

"Utanipa namba yake ya simu."

"Shemeji."

"Naihitaji tu."

Shangazi alirudi siku ya kumi na moja, akilalamika kama kawaida. Fundi Kimya alikuwa ameziba panapovuja, lakini Mama Gramu hakusema kwamba ameamini. Jumapili, baada ya chai, aliweka stuli mbele ya boneti. Mwalimu alikaa. Alilishika jagi kwa mikono miwili, naye mkewe akaweka kiganja chini ya kitako cha jagi, kama vile anazuia matone tu. Maji yaliingia kidogo sana, yakajaa.

"Nusu kikombe," alisema Mwalimu. "Fundi amejitahidi."

Mama Gramu alirudisha kifuniko. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukagusa kibonge cha waya, ukatoka mtupu. Aliingia ndani. Aliporudi alikuwa na chupa ya rangi ya kucha. Alichora mstari mwembamba mwekundu, ukaanzia kwenye kifuniko na kuishia kwenye shingo ya rejeta.

"Nini hicho?" aliuliza Mwalimu.

"Alama tu."

"Wewe hujawahi kuweka kitu tu."

"Anayetaka kufungua afungue. Nitajua tu kwamba amefungua."

Jumatatu walipanda mlima bila wasiwasi wa kuonekana. Mshale wa joto ulikaa katikati, na Mama Gramu aliuangalia kwa jicho la mtu anayesalimiana na jamaa aliyewahi kumdanganya. Walifika dakika kumi na mbili kabla ya saa moja. Alimshika Mwalimu mkono hadi kwenye kiti, akangoja mpaka muuguzi aandike muda, akausoma muda huo juu ya bega la muuguzi.

Kisha alirudi kwenye maegesho, akasubiri injini ipoe, akafungua boneti. Kati ya nyumbani na pale hakuna mtu aliyekuwa amekaribia gari. Hata hivyo aliinama, akauangalia mstari mwekundu. Ulikuwa umenyooka.